Jodari juu ya jani la mgomba: uchambuzi wa kisa katika mkahawa wa samaki Nairobi

Kisa hiki ni cha kweli. Jina la mkahawa, mtaa, mwaka na chochote kinachoweza kumtambulisha mteja au mfanyakazi vimeondolewa. Nafundisha usalama wa chakula kwa wafanyakazi wa hoteli na mikahawa, na mwenye mkahawa huu aliniita wiki iliyofuata tukio ili tupitie pamoja na watu wake yaliyotokea. Niliwasikiliza wahudumu, mpishi mkuu, meneja na wateja wawili waliokubali kuzungumza. Mwenye mkahawa aliniruhusu kukitumia kisa hiki kufundishia kwa sharti kwamba asitajwe.

Mkahawa wenyewe

Si mahali pa kifahari. Paa ni la makuti, uani pamemwagwa mchanga, meza zimetandikwa leso, na mwisho wa wiki taarabu hupigwa kwa sauti ya chini ili watu waweze kuongea. Watoto huvua viatu wakacheza mchangani huku wazazi wakisubiri chakula. Wateja hufuata nusu siku ya Pwani bila nauli ya Mombasa, na mwenye mkahawa, ambaye ni mzaliwa wa huko, anaijua kazi hiyo vizuri.

Menyu ina samaki wa kupaka, kamba wa nazi, ngisi, pweza, viazi karai, wali wa nazi na mbaazi, na kuku kwa asiyekula samaki. Kinachouzwa kuliko vyote ni stiki ya jodari ya kuchoma. Mkazi wa Nairobi amezoea tilapia na mbuta wa Ziwa Victoria, na wengi huogopa miiba. Jodari ni mnofu mtupu, hata mtoto anapewa bila wasiwasi.

Mlangoni pana ngalawa halisi iliyojazwa barafu. Samaki hupangwa humo juu ya majani ya mgomba, mteja anachagua, mpishi anapima na kupeleka jikoni. Kila anayeingia hupiga picha hapo. Ngalawa hii tutairudia.

Safari ya samaki

Samaki hutoka kusini mwa Mombasa. Mchuuzi huwapanga kwenye kasha lenye barafu, akavuka nalo feri ya Likoni jioni, kisha akalikabidhi basi la usiku. Barabara ya Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480. Safari ikienda sawa, basi hufika alfajiri, na kijana wa bodaboda hulichukua kasha kwenye steji akalifikisha mkahawani mapema asubuhi.

Ilikuwa Julai, wakati wa kusi. Bahari imechafuka, vyombo vidogo havitoki kila siku, samaki ni wachache na bei iko juu. Mchuuzi alieleza baadaye kwa simu kwamba jodari huyo, wa kilo 18 hivi, alivuliwa Jumatano akakaa hadi Alhamisi jioni akingoja mzigo utoshe. Alikuwa kwenye barafu, ila barafu yenyewe ilikuwa haba, maana umeme ulikuwa umekatika kwa saa kadhaa pale anapoinunua.

Basi la Alhamisi usiku lilikwama nyuma ya ajali ya malori na kufika Nairobi karibu saa tano asubuhi. Kasha lilipofunguliwa mkahawani lilikuwa na maji mengi na vijibarafu vichache. Mpishi mkuu alikuwa ametoka kwenda City Market kutafuta kamba, kwa hiyo aliyelipokea ni msaidizi wa jikoni. Kijana alifanya alivyofundishwa. Alitazama macho, yakawa maangavu. Alifunua mashavu, ndani mekundu. Alinusa, akasikia harufu ya bahari tu. Alibonyeza mnofu, ukarudi. Akampokea. Kipimajoto kilikuwa kwenye droo, betri yake imekufa zamani. Siku yenyewe ilikuwa ya ile baridi ya Nairobi ya Julai ambayo watu huvaa makoti mchana kutwa, na hakuna aliyeona haja ya kuharakisha. Jodari alikatwa stiki saa nane, ndipo akaingia kwenye friji.

Jumamosi mchana

Saa saba liliingia kundi la watu tisa, ndugu na marafiki waliokuja kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mama yao. Binti mkubwa ndiye aliyetoa oda. Wanne walichukua stiki ya jodari, wawili changu wa kupaka, waliobaki kuku na wali wa nazi. Stiki walizichagua wenyewe kwenye ngalawa, zilikokuwa zimepangwa tangu saa tano.

Chakula kilifika saa nane kasoro. Mama hakuwa amefika nusu ya stiki yake alipomwita mhudumu.

“Mwanangu, nilisema sitaki pilipili. Huyu samaki ananiwasha ulimi.”

“Pole sana, mama. Ngoja nimwambie mpishi.”

Mhudumu alimletea dafu, akapeleka malalamiko jikoni. Mpishi wa zamu alionja mchuzi wa ukwaju uliopakwa juu ya stiki, akaona hauna pilipili, akasema labda mama amechovya kwenye achari iliyokuwa mezani. Wote walifikiria kiungo. Samaki mwenyewe hakuna aliyemfikiria.

Dakika 20 hivi baadaye mama alisema uso na masikio yanamwaka moto, kichwa kinamgonga na moyo unakwenda mbio. Mkwewe, aliyekula jodari pia, alikuwa ameanza kujikuna shingo. Msimamizi wa ukumbi alikuja akauliza kama mama ana mzio wa samaki. Binti ndiye aliyejibu: “Kaka, kwetu ni ziwani. Mama amekula samaki tangu hajaota meno.”

Msimamizi alimtazama mama usoni, hakuona wekundu wala uvimbe. Aliomba radhi, akasema sahani hiyo itaondolewa kwenye bili, akaagiza mama aletewe kuku. Jodari aliendelea kuuzwa. Nilipomuuliza sababu alinijibu hivi: “Waliokula ni wanne, wawili wako sawa kabisa. Nikaona shida ni ya mwili wa mtu, si ya samaki.”

Wakati huohuo, upande wa pili wa uwanja, mzee mmoja aliyekuja na mkewe alimwomba mhudumu wake dawa ya kichwa. Alikuwa anatokwa na jasho na tumbo linamsokota. Mhudumu wa meza ile alikuwa msichana mgeni kazini. Alipokwenda kaunta kuulizia dawa alisikia wenzake wakizungumzia mama wa meza ya sherehe, akauliza mama alikula nini. Akaambiwa jodari. Mzee wake naye alikula jodari. Hakumfuata msimamizi. Alikwenda moja kwa moja jikoni kwa mpishi mkuu.

Mpishi mkuu alimpigia simu meneja, aliyekuwa kwenye foleni ya magari. Meneja alisema wasubiri afike, leo ni Jumamosi, wasiwatie wateja hofu. Mpishi alikata simu, akaenda mlangoni, akaondoa stiki zote kwenye ngalawa na nyingine zote kwenye friji. Vipande viwili alivitia kila kimoja kwenye mfuko wake, akaandika tarehe na saa, akaviweka kwenye friza. Vilivyobaki alivitenga na kuviandikia visiuzwe. Kisha akavua aproni, akapita meza kwa meza akiwaomba wenye sahani za jodari waache kula, akiwaeleza sababu. Wapo waliokasirika. Tangu mama alalamikie pilipili hadi hapo zilikuwa zimepita dakika kama 45, na stiki nyingine sita zilikuwa zimeuzwa.

Mama, mkwewe na yule mzee walipelekwa kliniki ya jirani kwa teksi iliyolipiwa na mkahawa. Daktari alianza na wazo la mzio. Alipowaona watatu wa meza mbili tofauti, wenye dalili zilezile, wote wametoka kula jodari, alibadili mawazo. Swali lake lililofuata lilinifurahisha niliposimuliwa: aliuliza kama kuna anayemeza dawa za kifua kikuu. Isoniazidi, dawa inayotumika kutibu kifua kikuu na kukikinga, huuzuia mwili kuivunja histamini, kemikali inayoleta dalili kama hizi, na anayeitumia dawa hiyo anaweza kuumwa zaidi kwa kiasi kilekile cha samaki. Hakuna aliyekuwa akiitumia. Walipewa dawa za kuzuia histamini, wakaangaliwa kwa saa chache, wakarudi nyumbani kabla ya saa mbili usiku.

Kabla ya kuondoka kwenda kliniki, binti aliletewa bili. Stiki zote nne zilikuwamo, ya mama ikiwa mojawapo, na ada ya huduma juu yake. Karani wa malipo hakuwa ameambiwa lolote. Binti alilipa kwa M-Pesa bila kubishana kwa sababu teksi ilikuwa ikingoja.

Matokeo

Waliougua wote walikuwa wazima kesho yake asubuhi. Mteja wa nne, mmoja wa wale waliouziwa stiki katika zile dakika 45, aliumwa na kichwa akiwa nyumbani, akapiga simu mwenyewe.

Jumatatu mwenye mkahawa alitoa taarifa kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti kabla hajatafutwa, akavipeleka vile vipande viwili kwenye maabara. Kimoja kilikuwa na histamini zaidi ya mara 4 ya kiwango kinachokubalika. Cha pili kilikuwa chini ya kiwango. Ni vipande vya samaki mmoja, na vilikuwa vimelala ubavu kwa ubavu.

Alirudisha pesa zote za meza ile na gharama za kliniki. Alimwalika mama na familia waje kula bure. Binti alipokea pesa na kukataa mwaliko. Nilipozungumza naye alisema ugonjwa unaweza kumpata mtu popote, lakini kuletewa bili ya chakula kilichomlaza mama yake ndiko kulikomuuma.

Uchambuzi: kwa nini macho na pua havikutosha

Mnofu wa jodari una histidini nyingi, moja ya viini vinavyojenga protini, na ndivyo walivyo nguru, vibua, sehewa, fulusi na nduwaro. Samaki akifa na kukosa baridi, bakteria huigeuza histidini hiyo kuwa histamini, kitu kilekile ambacho mwili hukitoa wakati wa mzio. Ndiyo maana dalili zinafanana: joto la uso, kuwashwa, kichwa, moyo kwenda mbio, wakati mwingine kuhara. Ndiyo maana pia mlaji anaweza kuhisi pilipili au mwasho mdomoni pale ambapo pilipili haikutiwa. Dalili huanza baada ya dakika chache hadi saa moja au mbili.

Histamini ikishatengenezwa haiondoki. Moto wa mkaa hauivunji, mafuta ya kukaangia hayaivunji, friza haiivunji, limau wala ndimu haiivunji. Samaki aliyechomwa hadi akakauka ana histamini ileile aliyoingia nayo jikoni. Wapishi wengi ninaowafundisha hulikataa jambo hili kwanza, kwa sababu maisha yao yote wameambiwa moto huua. Moto huua bakteria kweli, lakini kilichowaumiza watu hawa hakikuwa kitu chenye uhai.

Jodari anaweza kufikia kiwango cha kuumiza akiwa bado hana harufu mbaya na macho bado maangavu. Kijana aliyepokea kasha hakuzembea. Alitumia kanuni alizozikuta, na kanuni hizo ni za ufukweni, ambako mnunuzi anamwona mvuvi akishuka na samaki na anajua chombo kilitoka saa ngapi. Pale macho na pua vinakamilisha habari ambayo tayari anayo. Nairobi habari hiyo haipo. Kinachobaki cha kuuliza ni samaki amekaa muda gani na katika joto gani, na la joto linajibiwa na kipimajoto kilichochomekwa ndani ya mnofu. Kikisoma zaidi ya nyuzi 4 au 5, na barafu imeyeyuka, jodari hapokelewi, awe mzuri wa macho kiasi gani. Changu na pono waliokuja kwenye kasha lilelile hawakumdhuru mtu, kwa kuwa samaki wa aina hiyo hawana histidini nyingi. Hilo nalo lilimdanganya kila mtu, maana waliokula changu walikuwa salama.

Baridi ya Julai inahitaji neno. Mchana wa Nairobi wakati huo huenda nyuzi 20 au zaidi kidogo. Kwa binadamu ni baridi, kwa bakteria wa jodari ni siku njema. Nimewasikia wapishi wakisema miezi hii samaki “hajiharibu haraka”, na miezi hii ndiyo ya kusi, wakati ambapo samaki husubiri zaidi kabla ya kusafirishwa.

Ngalawa

Huwa sipendi kulaumu mapambo, lakini hapa pambo lilichangia. Stiki zililala juu ya jani la mgomba, na jani lilikuwa juu ya barafu. Jani la mgomba huzuia baridi kama blanketi. Tulijaribu pamoja na mpishi mkuu: stiki zilizolala juu ya jani zilipanda joto saa baada ya saa huku barafu chini yake ikiwa bado imara, na zile zilizofukiwa ndani ya barafu hazikupanda. Tangu saa tano hadi saa nane ni muda mrefu kwa samaki aliyekwisha kupita Alhamisi na Ijumaa yenye mashaka. Sidhani ngalawa peke yake ingeleta madhara. Iliongeza juu ya yaliyokwisha kutokea njiani.

Swali lililoulizwa, na lililopaswa kuulizwa

Msimamizi aliuliza kuhusu mwili wa mteja. Ni swali la heshima na si kosa kuliuliza, ila likiwa la kwanza na la mwisho linaufunga uchunguzi. Lililohitajika ni: nani mwingine amekula samaki huyu, na anajisikiaje? Msichana mgeni alilifikia bila kufundishwa, kwa sababu alimjali mzee wake kiasi cha kutaka kujua mwenzake alikula nini.

Hoja ya msimamizi, kwamba wawili walikuwa wazima, inaonekana ya busara mpaka ukijua kwamba histamini haikai sawasawa mwilini mwa samaki. Vipande vya maabara vilithibitisha. Kiwango cha juu cha histamini kinachotajwa na wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, tangu 2012 ni miligramu 200 kwa kilo, kilichokokotolewa kutokana na miligramu 50 ambazo mtu mzima mwenye afya anaweza kuzila bila dalili, kwa mlo wa gramu 250. Mmoja hukata upande wenye nyingi, mwingine upande wenye kidogo, na wote wamekula jodari mmoja.

Kuna la uso pia. Mafunzo mengi husema tafuta uso mwekundu. Kwa mtu mweusi wekundu huo huenda usionekane kabisa, na msimamizi alipouangalia uso wa mama na kuona uko sawa alijiridhisha mapema. Kwa wateja wetu msikilize anayesema anasikia moto masikioni, ukimjumlisha na anayejikuna na anayelalamikia pilipili isiyokuwapo.

Nani ana ruhusa ya kusimamisha chakula

Uamuzi bora wa siku hiyo ulikuwa wa mpishi mkuu, naye aliufanya kinyume na alivyoambiwa. Aliniambia aliwahi kufanya kazi kwenye hoteli ya Pwani iliyokuwa na desturi ya kuhifadhi sampuli, ndiyo maana mkono wake ulikwenda kwenye mifuko bila kufikiri sana. Bila vile vipande viwili pangebaki maneno tu kati ya mkahawa, mchuuzi na wateja. Kuzunguka mezani kulimgharimu sifa kwa baadhi ya wateja saa ile, na naamini kulipunguza idadi ya wagonjwa.

Meneja nilimwelewa. Alikuwa mbali, haoni, na aliogopa taharuki. Kwa sababu hiyohiyo uamuzi haukupaswa kuwa wake. Sasa mkahawa una kanuni moja ya maneno machache: wateja wawili wakilalamikia chakula kimoja, yeyote aliye jikoni anakisimamisha, na ruhusa huombwa ili kukirudisha. Kengele hiyo hufika pia kwa karani wa malipo, ili bili ya meza iliyoathirika isichapishwe.

Ukutani jikoni vilikuwapo vyeti vya afya vya wafanyakazi wote, halali na vipya. Vyeti hivyo hukagua kama mhudumu ana maradhi anayoweza kumwambukiza mlaji. Katika kisa hiki wafanyakazi wote walikuwa wazima, na sheria ya vyakula, Sura ya 254, inayokataza kuuza chakula chenye madhara, ilivunjwa na watu wasiojua kwamba wanaivunja.

Yaliyobadilika, na tusilokubaliana

Mchuuzi sasa hulipwa zaidi kidogo, na kwa malipo hayo barafu katika kasha hulingana na samaki kwa uzito, na kadi yenye siku na saa ya kuvuliwa hubandikwa juu. Vipimajoto ni viwili, kimoja cha akiba. Ngalawa bado ipo, imejaa changu, pono, kamba na ngisi waliofukiwa ndani ya barafu, na majani ya mgomba yamehamia pembeni. Stiki za jodari hutoka kwenye friji moja kwa moja.

Nilimshauri mwenye mkahawa amwondoe jodari kwenye menyu miezi yote ya kusi. Alikataa, kwa kuwa ndicho chakula chake kinachouzwa zaidi, akaamua kununua jodari aliyegandishwa miezi hiyo. Nilimweleza kwamba kugandisha huzuia histamini mpya isitengenezwe ila hakuifuti iliyokwisha kutengenezwa kabla ya kugandishwa, na kwamba akiyeyushwa mahali pa joto kazi huendelea pale ilipoachiwa. Kwa hiyo tulikubaliana mambo mawili: muuzaji wa jodari aliyegandishwa alete cheti cha maabara kwa kila shehena, na kuyeyusha kufanyike ndani ya friji usiku kucha, si kwenye beseni la maji mezani. La kwanza bado analibishania na muuzaji.